VIRUSI PACHA: UAINISHAJI, SIFA NA TATIZO LA MAJINA

1. Utangulizi

Makala hii inakusudia kueleza familia ya virusi vya mimea iitwayo Geminiviridae, na tatizo la istilahi linaloambatana nayo katika Kiswahili. Tatizo hilo si la darasani tu. Katika Turkana, mtama hulimwa kandokando ya mito Turkwel na Kerio. Mtama, mahindi na nyasi za malisho, tangu Lodwar hadi Lokiriama mpakani mwa Uganda, ni wa ukoo mmoja. Na kirusi cha milia ya mahindi huweza kuingia katika spishi nyingi za ukoo huo. Amwelezaye mkulima au mfugaji mambo haya kwa Kiswahili hana budi kuwa na maneno yasiyopotosha.

2. Sifa

Neno gemini ni la Kilatini, maana yake pacha. Kila chembe ya kirusi hiki ina maganda mawili ya protini yaliyoungana, yenye upana wa nanomita 22 hivi na urefu wa 38. Ndani yake mna uzi mmoja wa DNA uliofunga kama pete. Umbo hilo katika kirusi cha milia lilielezwa mwaka 1974 na K. R. Bock na wenzake, waliofanya kazi Muguga, Kenya.

3. Uainishaji

Jenasi hutenganishwa kwa mpangilio wa DNA, mmea unaoshambuliwa na mdudu aenezaye. Kirusi cha milia kimo katika Mastrevirus: kina pete moja, nacho huenezwa na wadudu warukaji wa Cicadulina. Virusi vya batobato ya muhogo, ugonjwa ulioelezwa na Warburg mwaka 1894 katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, vimo katika Begomovirus: vina pete mbili, navyo huenezwa na inzi weupe na kwa pingili zenye ugonjwa.

4. Tatizo la majina

Milia ya mahindi huitwa pia michirizi. Lakini michirizi ya kahawia ya muhogo, iliyoelezwa na H. H. Storey wa Amani mwaka 1936, husababishwa na virusi vya familia nyingine, Potyviridae, vyenye umbo la uzi na RNA badala ya DNA. Hivyo magonjwa mawili yenye jina moja hayana udugu, ilhali batobato na milia, zisizofanana kwa jina, ni za familia moja.

Madhara ya kuyachanganya ni makubwa. Nchini Uganda, aina za muhogo zilizosambazwa kwa kuwa zilihimili batobato zilishambuliwa na michirizi ya kahawia kuanzia 2004. Kuhimili ugonjwa mmoja si kuhimili wa pili, hata kama wote wawili huenezwa na inzi weupe.

5. Hitimisho

Jina la ugonjwa hufuata dalili ionekanayo. Jina la familia hii ya virusi hufuata umbo la chembe zake. Kamusi zetu hazina budi kuyaweka mbalimbali: milia iachiwe mahindi, michirizi ya kahawia iachiwe muhogo, na virusi pacha liwe jina la familia.