Unajenga reli ya mezani? Chagua namba ya injini yako kwa akili

Ukiishi Meru, treni ni kitu cha kufuata mbali. Tawi la reli kutoka Nairobi linaishia Nanyuki, na ile reli ya mradi wa LAPSSET ya kupitia Isiolo tumeizoea kwenye ramani tu. Lakini nani atakuzuia kutandaza reli yako mwenyewe juu ya meza?

Reli za modeli siku hizi ni za kidijitali. Unaendesha injini tatu, nne, kwenye reli moja, kila moja na spidi yake, ukitumia simu. Kinachowasumbua wengi wanaoanza ni kitu kidogo sana: namba. Kila injini inahitaji anwani yake. Ukiichagua ovyo, siku moja utaona injini mbili zikigongana na kuanguka sakafuni, na dikoda mpya hupati duka la jirani. Unaagiza ng'ambo, unalipa na ushuru juu.

Namba inafanya kazi gani?

Simama kwenye steji Meru mjini. Manamba anaita, "Maua! Maua!" Kila mtu anamsikia, lakini wanaoinua mizigo ni wale wa Maua. Wa Nkubu na Chuka wanabaki wametulia.

Mfumo wa DCC uko hivyo hivyo. Umeme hauzimwi kwenye reli, na ndani yake kunapita ujumbe: "Namba 5901, songa mbele polepole." Kila injini imebeba kidude kiitwacho dikoda. Dikoda zote zinasikia, ila inayotii ni ile yenye namba iliyoitwa. Mfumo huu ulitokana na kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani, kisha chama cha NMRA cha Marekani kikaufanya kuwa kiwango cha wote miaka ya 1990. Ndiyo maana dikoda ya kampuni moja huelewana na mitambo ya nyingine.

Mtego wa namba 3

Dikoda mpya hutoka kiwandani ikiwa na namba 3. Ukiwa na injini moja, mambo ni fiti. Sasa rafiki yako aje na yake ambayo pia hajaibadilisha. Ukiita 3, zote mbili zinaondoka. Yako inaenda ulikotaka, yake inaifuata kutoka nyuma au inakuja kuipokea uso kwa uso.

Kwa hivyo weka sheria hii tangu siku ya kwanza: 3 ni mlango wa kuingilia, si chumba cha kulala. Injini mpya ifike na 3, uijaribu, kisha uipe namba yake. Isibaki hapo hata usiku mmoja.

Namba fupi na namba ndefu

DCC ina anwani za aina mbili. Fupi huanzia 1 hadi 127. Ndefu, kwenye mitambo mingi, hufika 9999. Sifuri iache kabisa, hiyo si ya injini moja.

Kuna kona moja ya kuepuka: 100 hadi 127. Mitambo mingine huzihesabu kuwa fupi, mingine huzihesabu kuwa ndefu. Injini ikihama kutoka meza yako kwenda ya rafiki, inaweza kuitwa na isiitike, nawe ukadhani imeungua kumbe haijasikia jina lake.

Wakenya tuna bahati

Wengi hukaa wakiumiza kichwa: nitumie tarehe ya kuzaliwa? Mwisho wa namba ya simu? Hapana. Tumia namba iliyochorwa ubavuni mwa injini halisi.

Hapa reli ya Afrika Mashariki ilitusaidia bila kujua. Namba zake nyingi zina tarakimu nne: mbili za kwanza ni daraja la injini, mbili za mwisho ni nafasi yake katika daraja hilo. Chukua daraja la 59, yale majitu ya mvuke aina ya Garratt yaliyoundwa na Beyer, Peacock kule Manchester, Uingereza, katikati ya miaka ya 1950. Zilikuwa 34, kuanzia 5901 hadi 5934, kila moja na jina la mlima. Nyingi ziliishia kuwa vyuma chakavu. 5918, Mount Gelai, bado unaweza kuigusa kwenye Makumbusho ya Reli jijini Nairobi.

Na 5901? Hiyo iliitwa Mount Kenya. Mlima unaouona ukiamka Meru asubuhi bila mawingu. Ukiipa modeli yako anwani 5901, huhitaji kukariri chochote, kwa sababu namba unayoibonyeza ni ile ile unayoisoma kwenye injini. Hata mdogo wako ataendesha bila kuuliza. Injini za dizeli za daraja la 93 nazo zinaingia bila shida: 9301, 9302, na kuendelea.

Kuiandika ndani ya dikoda

Dikoda huhifadhi mipangilio katika vyumba vya kumbukumbu viitwavyo CV. Namba fupi hukaa CV1. Ndefu hugawanywa kati ya CV17 na CV18. Hesabu yake ni hii: 5901 gawa kwa 256, unapata 23 na baki 13. Ongeza 192 kwa 23, upate 215. Basi CV17 ni 215, CV18 ni 13. Mwishowe ongeza 32 kwenye CV29 ili dikoda ijue inatumia namba ndefu. Kama ilikuwa 6, iwe 38.

Usiogope, mitambo mingi hukufanyia hesabu hiyo. Ukiwa mtu wa kujiundia, DCC-EX ni programu ya bure inayoendeshwa kwenye bodi ya Arduino Mega yenye kidhibiti cha mota, na app ya Engine Driver huigeuza simu ya Android kuwa usukani.

Ila chunga: kwenye kipande cha reli cha kuprogramu, weka injini moja tu. Pale dikoda haziitwi kwa namba. Ukiacha mbili, zote zitaandikwa 5901, na umerudi kwenye mtego wa 3.

Panga kabla hujanunua ya pili

Mpango ambao hautakusumbua ni huu. 3 ni ya wageni. Namba fupi nyingine hadi 99 ziache kwa misafara, yaani injini mbili zikivuta pamoja, maana CV19, ambayo huzifunga kuwa kitu kimoja, hupokea namba fupi tu. Tarakimu nne ziwe za injini zenyewe.

Halafu andika kila namba kwenye daftari, na kwenye kibandiko chini ya injini. Dikoda nyingi ukizirudisha kwenye mipangilio ya kiwandani, mara nyingi kwa kuandika 8 kwenye CV8, husahau kila kitu na kurudi 3. Hapo daftari ndilo litakalokukumbusha kwamba ile nyekundu iliyonyamaza pale konani ni Mount Kenya, na inangoja uiite kwa namba yake.