Je, Wajua? Vilele vitatu vya Sabinyo

Mlima Sabinyo ni volkano iliyozimika katika safu ya Virunga, yenye urefu wa zaidi ya mita 3,600. Wapandaji wa upande wa Uganda huanza asubuhi katika lango la Ntebeko, Hifadhi ya Mgahinga, wakisindikizwa na askari wa wanyamapori. Njia hupita msitu wa mianzi, makazi ya kima wa dhahabu, kisha huvuka vilele vitatu kwa mfuatano. Kazi ngumu iko kwenye ngazi za mbao zilizoegemezwa magengeni. Mvua ikinyesha ngazi hizo huteleza vibaya, na kushuka hutisha kuliko kupanda. Safari nzima huchukua takriban saa 8. Kwenye kilele cha tatu hukutana mipaka ya Uganda, Rwanda na Kongo.