Filamu ya Excalibur: mfalme akiugua, nchi nayo hunyauka

Ukipenda filamu za mapanga na uchawi, itafute Excalibur ya mwaka 1981. Iliongozwa na Mwingereza John Boorman na kupigwa nchini Ireland. Kisa chake kinatokana na hadithi za Mfalme Arthur, zilizoandikwa na Thomas Malory katika karne ya 15.

Excalibur ni jina la upanga. Umezama kwenye jiwe, na wababe wote wanashindwa kuuchomoa. Kijana Arthur, ambaye hakuna aliyemdhania, anauchomoa na kuwa mfalme. Mchawi Merlin ndiye mshauri wake.

Uzito wa filamu uko hapa: mfalme na nchi ni kitu kimoja. Mkewe Guenevere na rafiki yake Lancelot wanapomsaliti, Arthur anadhoofika. Nchi nayo inaugua. Mashamba hayazai, watu wanakufa kwa njaa na maradhi. Mashujaa wanatumwa kutafuta kikombe kitakatifu, na wengi hawarudi. Perceval anafanikiwa. Arthur anakinywea, anapanda farasi, na miti inachanua kila anapopita.

Tazama pia mwanga wa kijani unaomulika upanga. Mpiga picha wake, Alex Thomson, aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar.

Tahadhari: watoto wakalale kwanza, maana ina damu nyingi na mambo ya chumbani.

Ukimaliza, jiulize: kiongozi akikata tamaa, nani huanza kulala njaa?