Je, Wajua? Mwangwi Unaomtangulia Mwimbaji

Wapenzi wa zilipendwa, wawe Magomeni au huku Masieda, Mbulu, hubishana: mbona sekunde moja hivi kabla ya wimbo kuanza unasikia sauti hafifu ya mwimbaji yuleyule, kama anaimba chumba cha jirani? Si mzimu, wala redio yako haijaharibika. Ni utepe wa sumaku uliorekodiwa wimbo huo. Ukikaa umeviringishwa miaka mingi, usumaku wa duru moja hujichapa kwenye duru iliyoilalia. Ndiyo maana watunza maktaba wengi huhifadhi utepe bila kuurudisha nyuma, mwisho wake ukiwa nje. Mwangwi mzito hapo huja baada ya sauti, ukamezwa na magitaa.

Lawama nyingine, kwamba ala zimewafunika waimbaji, haina dawa rahisi. Katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, NUTA Jazz na wenzao walirekodi bendi nzima ikipiga kwa pamoja, sauti zikachanganywa papo hapo. Fundi wa leo atapunguza mvumo. Kumsogeza nyuma mpiga tarumbeta aliyeikaribia mno maikrofoni ni shughuli nyingine. Binafsi, tarumbeta hilo nalipenda hapohapo lilipo.