Vifaranga wa Samaki Watengwe Kabla ya Kuingizwa Bwawani

Mabwawa mengi ya samaki Njombe na Makambako yamechimbwa mabondeni, jirani na vinyungu, na mara nyingi maji yanayotoka bwawa moja huteremka hadi bwawa linalofuata. Kwa hiyo mfugaji anayepandikiza vifaranga wagonjwa huhatarisha samaki wake na wa jirani aliye chini yake. Kinga rahisi ni tangi la karantini, yaani chombo cha kuwatenga vifaranga wapya kabla ya kuwachanganya na samaki wengine.

Tangi la plastiki la lita 1,000 linatosha vifaranga wadogo wasiozidi 200. Mwenye vifaranga wengi zaidi anaweza kuchimba kibwawa na kukitandika nailoni nzito. Tangi liwekwe kivulini na kufunikwa kwa wavu. Maji ya bomba yenye klorini yaachwe wazi kwa siku mbili kabla ya kutumika. Theluthi moja ya maji ibadilishwe kila siku, na maji machafu yamwagwe shambani, mbali na mto au mfereji. Ndoo na wavu wa tangi hilo visitumike bwawani.

Vifaranga wakiwasili, mfuko wao uelee tangini kwa dakika 20 ili joto la maji lilingane. Kisha watolewe kwa wavu. Maji ya safari yasimiminwe tangini.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni muda. Wafugaji wengi hutenga kwa wiki mbili, lakini katika baridi ya nyanda hizi muda huo ni mfupi. Kimelea cha ugonjwa wa madoa meupe humaliza mzunguko wa maisha yake kwa takriban wiki moja katika maji ya nyuzi joto 25, ilhali katika nyuzi joto 10 huhitaji zaidi ya mwezi. Samaki anaweza kuonekana mzima huku ugonjwa ukijificha. Inashauriwa kutenga kwa wiki nne, hasa kuanzia Juni hadi Agosti.

Dalili za kuangaliwa kila siku ni kukataa chakula, kujisugua, kuhema juu ya maji, madoa meupe, vidonda na ukungu unaofanana na pamba. Perege wenye vimelea vya ngozi au ukungu waogeshwe katika maji yenye gramu 10 za chumvi kwa kila lita, kwa dakika 10. Anayepinduka arudishwe mara moja kwenye maji safi. Chumvi haitibu virusi, na dawa za viuavijasumu zisitumike bila maelekezo ya mtaalamu.

Samaki waliokufa wazikwe pamoja na chokaa, wala wasitupwe mtoni. Vifo vikiendelea, taarifa itolewe mapema kwa afisa uvuvi au kupitia ofisi ya mtendaji wa kata, na maji ya bwawa yazuiwe yasiteremke kwa jirani mpaka chanzo kijulikane.