Kutii kwa Kinyamwezi, Kutii kwa Kiswahili: Maneno Yaliyopita Njia ya Misafara

Katika vijiji vya Ziba, wilayani Igunga mkoani Tabora, binti akikutana asubuhi na mama mtu mzima hupiga goti, ndipo humsalimu: "Mwangaluka mayo." Akihamia Ulaya au Marekani na kuwasimulia wenzake wa kazini desturi hiyo, hupata tabu. Maneno ya huko humfanya aonekane mtu aliyedhalilishwa, ilhali kwao angesifiwa kwamba amelelewa.

Kiswahili kina ngazi nyingi za kutii. Mtiifu, msikivu na mnyenyekevu ni sifa. Mpole huyumba: husifiwa kwa tabia, lakini akizidi huonywa kwamba ataonewa. Kwenye ngazi ya chini kabisa wamekaa bendera fuata upepo, mtu wa "ndiyo mzee" na kibaraka.

Baadhi ya maneno ya utii na mamlaka yalipata sura mpya kwenye njia iliyotoka Bagamoyo, ikakatiza Ugogo hadi Tabora, kisha Ujiji. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walifika Kazeh, ambayo leo ni sehemu ya Tabora, Novemba 1857, wakiitegemea kazi ya mapagazi. Pagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi kwa malipo ya nguo na shanga, naye hakuwa mtumwa. Posho ikipunguzwa, mizigo ilitua chini na safari ikasimama hadi mwenye mali akubali kuzungumza. Wengine walitoroka usiku.

Aliyewasimamia aliitwa nyampara. Kwa Wanyamwezi, nyampara alikuwa mzee mshauri wa mtemi, yaani chifu. Misafara ililigeuza jina hilo kuwa la msimamizi wa mapagazi, na leo nyapara ni msimamizi wa vibarua, au mfungwa anayewasimamia wenzake gerezani. Cheo cha mzee aliyesikilizwa kwa busara kimekuwa cha mtu anayetiiwa kwa kuogopwa.

Hongo nayo ilikuwa ada ya kumlipa mtemi ili msafara upite katika nchi yake. Aliyeilipa alikubali kwamba nchi ina mwenyewe. Siku hizi ni rushwa.

Neno la hadhi nalo lilihama: watumwa wa pwani waliokwenda bara kwa kazi za misafara walijiita waungwana, jina la watu huru. Mabwana wao walikuwa mbali, na bara hapakuwa na wa kuwapinga.

Utawala wa Wajerumani ulipokuja, mtemi Isike wa Unyanyembe alikataa kutii. Januari 1893, ngome yake ilipovamiwa, alijilipua kwa baruti badala ya kukamatwa. Baadaye, siasa za kudai uhuru zilimpa kila aliyeonekana kuwatumikia wakoloni jina la kibaraka, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 msanii wa Bongo Fleva Professor Jay aliufanya wimbo wake "Ndio Mzee" kuwa kejeli ya mwanasiasa mwenye ahadi tele na umati unaomwitikia.

Kwa hiyo anayemweleza mgeni goti la binti wa Ziba asianze na kamusi. Aanze na maswali mawili: anayetii anapata nini, na je, anaweza kukataa? Binti yule hupata baraka za mkubwa wake, na kesho akikosana naye anaweza kupita bila salamu, akaitwa mkaidi. Kwa kuwa anaweza kukataa, goti lake ni adabu. Asiyeweza kukataa kabisa asiitwe mtiifu, aitwe mateka.