Chai ya viungo: ipike vizuri, inywe kwa wakati wake

Kina mama wajawazito wenye upungufu wa damu huja kwetu kupimwa. Nikiwauliza wanameza vidonge vya kuongeza damu kwa kinywaji gani, wapo wanaojibu: "Kwa chai." Hapo ndipo lilipo tatizo.

Chai ni neema, na hapa Vigwaza haikosi asubuhi wala wakati wa kufuturu. Ipike hivi: chemsha maji mpaka yatokote sawasawa, hasa yakiwa ya kisima au ya mto Ruvu. Tia tangawizi iliyotwangwa, iliki, mdalasini, na mchaichai ukipenda. Vichemke dakika 5. Ipua, tia majani ya chai, funika dakika 3, kisha chuja. Onja kabla ya kuongeza sukari.

Ukisikia ukakasi ulimini, hiyo ni tanini. Huzidi majani yakichemshwa sana. Tanini hushikana na madini ya chuma ya maharage, mchicha au kidonge, mwili ukayakosa. Chuma kikipungua, damu nayo hupungua. Mama na mtoto aliye tumboni huwa hatarini.

Basi vidonge vimezwe kwa maji. Chai inywewe saa moja au zaidi baada ya mlo. Kwenye mboga kamulia ndimu, husaidia mwili kupata chuma. Mtoto mdogo apewe uji, si chai.

Ukiona viganja vimekuwa vyeupe, uchovu na moyo kwenda mbio, usijitibu kwa majani. Nenda kituo cha afya ukapimwe damu. Mwili ni amana.

Wabillahi tawfiq.